Kunguni wa Kwenye Kochi

Dada yangu amesoma kunguni mpaka akapewa udaktari. Msicheke. Ndio kwanza alikuwa ameajiriwa chuoni, ana meza, kiti kibovu, na hamu ya kuwaandikia watu wa kawaida gazetini. Makala zake zilikuwa zinalaza watu. Mhariri akamrudishia ya kwanza, akamrudishia na ya pili: "Daktari, humu hakuna mtu. Weka mtu."

Akatuweka sisi.

Jumapili ile gazeti likatoka na picha yake, meno yote nje, na chini yake: "Kunguni wa kwanza niliyemfahamu aliishi kwenye kochi la nyumbani kwetu." Yaani kochi! Mama yetu ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni, na wateja wake hukaa kwenye kochi hilohilo wakisubiri kupimwa.

Jumatatu hakuja mteja hata wa dawa. Kesho yake mama mmoja anayemwoza mwanawe, aliyekuwa ameagiza sare za ukoo mzima, akatuma ujumbe: tusubiri kwanza. Mama akaifunika cherehani kwa shuka.

"Umenimaliza," akamwambia dada. "Nimekusomesha kwa cherehani hii, leo unaniulia kazi."

"Mama, ilikuwa zamani! Na kisayansi, uwepo wa kunguni hauashirii..."

"Hauashirii nini? Umenichafua gazetini, utanisafisha gazetini."

Basi dada akakaa kuandika nyingine, mama amemsimamia kichwani, kila sentensi isomwe kwa sauti.

"Mdudu huyu huvutiwa na kabonidayoksaidi..."

"Na nini?"

"Pumzi, mama."

"Si useme pumzi! Endelea."

"Huenda joto kali likawa na ufanisi..."

"Huenda? Mvuke wa pasi yangu uliwaua, haukuwaua?"

"Uliwaua."

"Andika uliwaua."

Mimi jikoni nilicheka mpaka nikaunguza maharage.

Makala ikatoka. Ilisema kunguni hana habari na uchafu, anafuata pumzi na joto la mtu, awe tajiri au maskini. Na kwamba kwetu walikwisha kwa mvuke wa pasi, mshono kwa mshono, tena na tena, mpaka mayai nayo yakaisha. Tukangoja. Mlango kimya. Mama akawa anapiga pasi nguo ambazo alishazipiga, na dada akawa anachungulia dirishani kila dakika. Alijitakia, lakini nilimhurumia.

Ndipo siku moja yule mama wa sare akabisha hodi, vitambaa kwapani. Akasalimia, akasimama katikati ya sebule, macho kwenye kochi.

"Karibu ukae."

"Aa, nimekaa sana nyumbani." Akashusha sauti. "Ile makala ya juzi... nina jirani yangu. Kitanda kipya, godoro jipya, lakini akilala tu, balaa." Akajikuna kiwiko.

"Maskini jirani," mama akasema, uso mkavu kabisa. "Pasi ya mvuke anayo?"

"Anayo."

"Basi atapona. Sisi tulipona."

Mgeni akalitazama kochi tena, akashusha pumzi, akakaa. Akaegemea kabisa. Mama akaivua cherehani shuka lake. Dada alikuwa amejibanza nyuma ya pazia la chumbani, anafuta machozi kwa mkono wa blauzi.

"Daktari!" mama akaita. Hakuwahi kumwita hivyo tangu ahitimu. "Toka huko uje umweleze mgeni habari za jirani yake. Na usianze na huenda."