Ng'ombe wa Dada Kapotea

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu zahanati moja ya Rujewa kupimwa lugha. Ndiyo, siku hizi watoto wa chekechea wanapimwa kama wanaongea sawasawa. Mpimaji alikuwa dada kutoka Mbeya mjini, mwenye fomu na kadi za picha. Mbele yetu alikaa binti wa miaka minne, mtoto wa wafugaji, na bibi yake.

Dada akainua picha ya ng'ombe mwekundu. "Haya mrembo, huyu nani?"

Binti akakagua pembe, akakagua mkia. "Simjui."

"Mtazame vizuri. Huyu nani?"

"Simjui," akarudia, safari hii kwa huruma.

Dada akaandika. "Bibi, mtoto hajui ng'ombe. Itabidi mumlete Mbeya, hospitali kubwa."

Bibi akashika kifua. Mjukuu wa mfugaji hajui ng'ombe! Ukoo mzima ungeficha wapi sura? Hapo binti akamvuta kanga, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika hadi dirisha la dawa: "Bibi, ng'ombe wa dada kapotea. Tumwambie babu amtafute?"

Benchi zima tulicheka. Kwao kila ng'ombe ana jina, na ukiuliza "nani" unajibiwa jina. Tatizo la lugha lilikuwepo kweli, ila fomu haikuwa na nafasi ya kumwandika mpimaji.

Dada akafuta alichoandika. Zamu yetu ilipofika, akainua kadi ileile kwa tahadhari. "Hii ni picha ya nini?"

Mjukuu wangu hakusita. "Ya ng'ombe wako. Umempata?"