Shikamoo ya Kengele

Jumatatu iliyopita tulimzika mtu mrefu kuliko wote niliopata kuwafahamu hapa Tabora. Alifariki katika hospitali ya Kitete baada ya kuugua homa kwa siku nne. Habari niliipata kwa fundi baiskeli wa sokoni, ambaye alinitajia huku akizamisha mpira wangu ndani ya karai la maji kutafuta tundu, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia kwamba tairi limeisha. "Yule Posta wako ametutoka, karani. Wanamzika saa kumi." Niliiacha baiskeli pale pale, magurudumu juu, nikaenda makaburini kwa miguu, na njia nzima nikawa najiambia kwamba nitakosa hata mahali pa kusimama. Marehemu alikuwa tarishi wa barua katika barabara ya Urambo tangu kabla ya vita, na sikuwa na shaka kwamba barabara nzima ingekuja kumsindikiza. Tulikuwa watu tisa. Wawili walikuwa wachimba kaburi, mmoja mchungaji, watatu wenzake wa ofisini waliosimama karibu na lango kama wanaotaka kuwahi kitu. Niliumia sana, wasomaji wangu, na nikaona haya ambayo siku ile sikujua imetoka wapi.

Lazima niwaeleze alikuwa mtu wa namna gani. Kwao ni upande wa Ziba, na hapa kwetu hakuwa na shangazi wala binamu. Mkewe alifariki mapema, kabla hawajapata mtoto. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, aliyebeba pembe hadi pwani na kurudi, na yeye alipenda kujigamba kwamba mzee yule hakumwachia kitu ila miguu. Njia ya barua ilimpitisha mahali pale pale walipopita wapagazi, na watu wa vijiji vya kandokando ndio waliokuwa ndugu zake wote. Huku walimpa awasomee barua za wanao walioajiriwa Dar es Salaam, huku walimpa maji, huku walimwita kwenye harusi. Jina lake la ubatizo hawakulijua. Kwao alikuwa Posta tu.

Enzi hizo alikuwa na baiskeli ndogo mno kwake, aliyoachiwa na mwalimu mmoja wa misheni aliyehama. Kumwona akiipanda kulichekesha. Magoti aliyatupa nje yasigonge usukani, mgongo ameukunja, visigino vinakwaruza mchanga. Hata hivyo kuna jambo alilokuwa akilifanya nayo ambalo mimi, kwa ujuzi wangu wote, sikulizingatia. Wageni wa Unyamwezi pengine hawajui kwamba vijijini kwetu humsalimii mkubwa wako huku umekaa juu ya chombo. Unashuka, unapinda goti, unapiga makofi taratibu, ndipo unasema lako. Ni shughuli inayotaka mikono yote miwili. Posta akiona mtu alikuwa akikanyaga chini kwa nyayo zote mbili, anainuka, na baiskeli inabaki katikati ya miguu yake imetulia kama mbuzi anayekamuliwa. Hapo anapinda goti, anapiga makofi yake, "Mwangaluka," anaulizwa habari za nyuma, anatoa habari za mbele, kisha anakaa tena na kwenda zake. Akikutana na watu thelathini asubuhi moja, anafanya hivyo mara thelathini.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanakumbuka kwamba kabla ya kushika kalamu hii nilikuwa karani katika duka moja la baiskeli hapa mjini. Wakati ule matrekta ya mashamba makubwa ya karanga yalikuwa yakiunguruma Urambo, na kila kijana aliyepata kibarua huko alirudi akitaka baiskeli. Nao walizichagua kwa namna ya kunitia wazimu. Huyu anapiga kengele kwanza. Yule ananyanyua gurudumu la mbele na kuliachia lidunde, asikilize mlio, kama mwanamke anayegonga chungu kabla ya kukinunua. Mwingine anataka nyekundu, basi, hata kama magoti yake yatagonga kidevu. Mimi nilijifanya mwalimu wao. Nilifundisha kwamba baiskeli huchaguliwa kwa mguu wa mtu, kama kiatu. Simama juu ya mtalimbo ule unaounganisha kiti na usukani, na nafasi ya vidole viwili ibaki. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyofika chini kabisa, na mguu unyooke. Shika usukani, na viwiko vilegee kidogo. Nilikuwa nikiyasema hayo kwa majivuno makubwa, na majivuno ni ugonjwa ambao sijapona.

Posta alikuja dukani akilalamika magoti. Yalikuwa yamevimba kweli, akawa anashuka ngazi za baraza la duka kwa kushika ukuta. Nilimvua viatu, nikamsimamisha ukutani, nikambana rula katikati ya mapaja, nikaazima futi ya fundi cherehani wa barazani kwetu na kupima mpaka sakafuni. Inchi thelathini na nane! Fundi cherehani aliniomba nirudie, akidhani nimeisoma vibaya futi yake. Dukani hatukuwa na fremu ya mtu kama huyo. Niliandika barua Dar es Salaam, na baada ya majuma mengi ikashushwa stesheni baiskeli moja ya fahari: fremu ya inchi ishirini na sita, matairi manene ya kumeza mchanga, tandiko pana lenye springi, usukani mpana uliopindia nyuma ili mtu akae wima kama yuko kitini kwake. Alipoipanda nilipiga makofi peke yangu barazani. Magoti yalipanda na kushuka bila kugusa kitu, mgongo umenyooka, na watu wa sokoni waligeuka kumtazama. Ile ndogo tuliipokea dukani, tukaivunja vipuri. Na mwaka nilioanza safu hii niliandika habari zake, nikijisifu kwamba nimempa mtu mrefu baiskeli inayomtosha. Mlinipongeza.

Nilichosahau kupima ni ardhi. Kutoka kwenye tandiko lile nyayo zake zilifika chini kwa ncha za vidole tu, na akisimama juu ya mtalimbo, nafasi ile ya vidole viwili haikumtosha kupinda goti. Kumsalimia mtu sasa kulimbidi afunge breki, aurushe mguu juu ya mfuko wa barua, atafute mti wa kuegemeza, apige makofi yake, kisha apande upya. Siku za kwanza alifanya hivyo. Lakini magoti yalikuwa mazima na baiskeli ilikuwa nyepesi, na nadhani alionja utamu wa kwenda, nami simlaumu. Akaanza kuwasalimia wengine kwa kuinua mkono. Halafu akawa anapiga kengele. Barua akaziacha zote kwa jumbe, zigawiwe. Ofisini walimsifu kwa kuwahi. Kuna bibi mmoja kando ya barabara, aliyekuwa akimwekea matobolwa, vile viazi vitamu vya kupikwa na kukaushwa, naye ndiye aliyesema maneno ambayo yalipita kijiji hadi kijiji: "Shikamoo ya kengele mimi siitikii marahaba." Watu wakacheka, wakaacha kumwita.

Haya sikuyajua mpaka aliponijia nyumbani alasiri moja, mwaka jana. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akainama kuingia mlangoni kama kawaida yake, akakaa, akapokea chai.

"Karani, nitafutie baiskeli fupi."

"Magoti yameanza tena?"

"Magoti ni mazima kabisa," akasema. "Ni watu ndio sina."

Nilicheka. Neno hili naliandika kwa aibu, lakini nilicheka. Nilimwambia hakuna aliyemkataza kushuka. Ashuke awasalimie, mambo yaishe. Akanitazama kwa upole wake. "Nashuka mara tatu, mara nne. Ya tano mfuko unaivuta, inaanguka, barua za watu mchangani. Na sasa hata nikitaka kushuka naona aibu, ndugu yangu. Nimeshawapita mno." Nilianza kumweleza upya habari za mguu kunyooka na viwiko kulegea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa chai, akaondoka. Sikumtafutia. Sikwenda hata kumtazama, ingawa kwake na kwangu ni mwendo wa dakika ishirini, na mimi pia ni mjane ninayekula peke yangu na kulalamika kwamba hakuna anayepita kubisha hodi.

Nimekuwa nikitazama mji huu tangu Jumatatu. Waalimu, makarani, wauza vitambaa, wote tunapita mbio tukipigiana kengele, na kila mmoja anadhani amesalimia. Sisemi turudi kwenye miguu. Aliyebeba mgonjwa begani kutoka kijijini hadi Kitete hawezi kuitukana baiskeli, na mzee yule aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani angeipokea kwa mikono miwili. Lakini mpagazi alipokutana na mtu njiani walisimama, kwa kuwa kusimama kulikuwa kupumzika. Sisi kusimama kumekuwa kazi ya ziada, na kazi ya ziada binadamu huiahirisha. Mimi ni wa kwanza.

Juzi nilijikaza, nikachukua baiskeli yangu na kushika barabara ya Urambo. Nilitaka kujua watu wale wamekuwaje hata wakashindwa kumzika mtu aliyewasomea barua za wanao. Nilikwenda na hasira, nikiwa nimepanga na maneno ya kuwaambia. Bibi wa matobolwa nilimkuta uani kwake anaanika. Nilisema shikamoo nikiwa bado juu ya tandiko, mguu mmoja chini, nikangoja. Hakujibu. Aliendelea kupanga viazi vyake juu ya jamvi kana kwamba amepita ndege. Nikashuka, nikailaza baiskeli mchangani, nikapinda goti, nikapiga makofi.

"Marahaba, mwanangu," akasema papo hapo. "Karibu. Habari za mjini?"

Nilimwambia Posta amefariki, na kwamba tumeshamzika.

Aliacha kazi. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akajifunika uso kwa upindo wa kanga, akalia. Hasira yangu sikujua niiweke wapi. Alipojifunua alikuwa na swali, naye aliliuliza bila ukali. "Mbona mmezika bila kutuambia?"

"Nilidhani mmesikia, mama."

"Tusikie kwa nani? Habari za misiba huku alikuwa akituletea yeye." Akafuta macho. "Tulikuwa na maneno naye, ndiyo. Maneno ya kumtania arudi. Mimi kila asubuhi nakaa hapa, nasema leo atashuka. Alikuwa na nani pale hospitali?"

Nilimjibu kwamba sijui. Kwamba hata kuumwa kwake sikukujua. Hakunilaumu. Akaniuliza kama nimekula.

Yapo mafunzo makubwa ambayo mwandishi mwenye akili kuliko mimi angeyatoa hapa. Langu ni dogo. Ukimchagulia mtu chombo, umpime mguu, umpime na mkono, lakini kwanza muulize ni akina nani anaosimama kuwasalimia njiani. Mimi nilimpima mwenzangu mpaka inchi ya mwisho, na swali hilo sikumuuliza, hata siku alipokuja mwenyewe kulijibu.