Kamongo Kwenye Mashine ya Meno

Mama mdogo alikuja kliniki Jumamosi moja akiwa na beseni kichwani, na ndani ya beseni kulikuwa na bonge la udongo lililofunikwa kwa leso. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walijisogeza wakidhani analeta samaki wa kuuza. Hawakukosea sana.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwa daktari wa meno, mjini Kisumu, kwenye ghorofa ambayo ukifungua dirisha la nyuma unaona ziwa likimetameta kati ya mabati. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Mashine yetu ilikuwa na mkono uliozunguka kichwa cha mgonjwa taratibu, ukivuma kama nyuki walio mbali, na ukishamaliza mzunguko wake kompyuta inanipa kipande cha taya chenye urefu, upana na kina. Ningeweza kukigeuza, kukilaza, hata kukikata upande wowote kama mkate. Shida yake ni moja tu: ilikuwa inaona padogo, meno machache kwa wakati mmoja. Daktari akitaka taya zima, ilinibidi nipige vipande kadhaa, kila kimoja kikimega sehemu ya jirani yake, halafu nikae kuviunganisha mpaka viwe kitu kimoja. Nilikuwa naipenda kazi ile. Ilinipa utulivu fulani kama wa kusuka nywele.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Ni mfinyanzi, na anaishi upande wa Nyamasaria, pale nyumba mpya zinapokoma na kinamasi kinapoanza. Mwaka ule jua lilikuwa limekaa mno. Kinamasi kilikuwa kimepasukapasuka, na mafunjo yamelala kama nywele za mtu mgonjwa. Alikuwa akichimba udongo wa vyungu jembe lilipopita kando ya tundu dogo, la kuingia kidole. Akapiga magoti, akaweka sikio. Alisikia kitu, au alifikiri amesikia. Basi akakata udongo kuzunguka lile tundu, akalitoa bonge zima, ukubwa wa kichwa cha mtu.

"Ni kamongo," aliniambia, akilishusha beseni kwenye meza yangu. "Maji ikiisha wanajizika, wanalala. Lakini huyu sijui kama ako hai ama alishakauka. Nikipasua nione, nitamuua."

Kamongo ni samaki mwenye mwili mrefu kama wa nyoka na mapafu kama yetu. Kwa mwiko wa zamani, wanawake wa rika la mama mdogo hawamli, na mama yangu pia hakumla. Nikamuuliza, "Na akiwa hai, utamfanya nini?"

"Sijui, nyathina," akasema. Mwanangu. "Nataka tu kujua."

Daktari alitoka chumbani akakuta tumeliinamia beseni. Alikuwa mtu wa milimani, hajui Kijaluo, kwa hiyo mbele yake tulizungumza Kiswahili. Nikamweleza. Alicheka kwanza, halafu akamtazama mama mdogo akaona yeye hacheki.

"Lakini mama, hii ni mashine ya meno."

"Si kamongo ako na meno?" mama mdogo akajibu. "Uliza wavuvi wa Asembo vile anauma."

Daktari akakuna kidevu. Akasema tungoje wagonjwa wamalize.

Wakamaliza mchana, jua likiwa limeegemea upande wa ziwa. Tulishusha mapazia. Nililikalisha bonge juu ya kigoda, mahali ambapo kwa kawaida watu huegemeza kidevu, nikalishikiza kwa mito na kanda ya plasta. Mama mdogo aliketi nasi nyuma ya kioo, mikono mapajani, kama mtu aliyesindikiza ndugu hospitalini. Mkono wa mashine ukaanza kuzunguka. Katika kiza kile cha pazia la kijani chumba kilionekana kama kiko chini ya maji, na ule uvumi wa mashine ukanitia usingizi mwepesi, ule wa kanisani wakati wa mahubiri marefu. Nilipiga sehemu ya juu, nikakisogeza kigoda, nikapiga ubavu mmoja, nikakisogeza tena. Kila mara nilihakikisha kipande kipya kinakula kidogo cha kile kilichopita. Bila hivyo hakuna pa kushonea.

Kipande cha kwanza kilipotokea kwenye skrini, daktari alipiga mluzi kwa mshangao. Udongo ulikuwa wa kijivu, kama ukungu. Ndani ya ukungu huo palikuwa na shimo jeusi, na ndani ya shimo, mbavu. Nyembamba, nyeupe, zimejipanga kama meno ya kitana.

Nikavuta viti viwili, kimoja changu na kimoja cha mama mdogo, nikaanza kuunganisha. Programu inataka uioneshe alama zilizomo katika vipande vyote viwili: hapa na hapa ni mahali pamoja. Nilichagua mbavu, kwa kuwa ndizo zilizong'aa. Lakini ubavu mmoja hufanana na mwenzake. Nilikosea kwa ubavu mmoja au miwili, na picha ilipojiunga tukaona mnyama wa ajabu, mwenye migongo miwili iliyolaliana na mkia unaotokea shingoni.

"Yawa!" mama mdogo akasema. "Wako wawili?"

"Hapana, mama. Ni mimi nimekosea kumuunga."

Nikavunja kila kitu, nikaanza upya. Safari hii nikamwacha samaki nikatafuta alama kwenye udongo wenyewe. Kulikuwa na konokono waliokufa zamani, magamba yao yamefungwa humo humo, na hakuna gamba lililofanana na jingine. Moja lilikuwa limevunjika mdomo. Jingine lilikuwa limebinuka juu chini. Nikaliweka gamba juu ya gamba lake, kipande baada ya kipande, na ule ukungu wa kijivu ukawa unajifunga wenyewe, kimya, mpaka mishono ikapotea.

Akatokea mzima. Alikuwa amejikunja mara mbili, na mkia wake ameuleta mbele akajifunika nao uso, sawasawa na mtoto anayejifunika blanketi. Kumzunguka kulikuwa na utando mwembamba, na utando ule ulikuwa na mlango mmoja tu, mbele ya mdomo, unaopanda kama bomba mpaka juu kwenye lile tundu la kidole. Nilimgeuza polepole. Nikaingia kwa lile bomba, nikateremka nikapita mdomo, nikapita yale mabamba ya meno yaliyomfurahisha daktari, nikaingia kifuani. Sijawahi kusafiri mbali kama nilivyosafiri alasiri ile. Sauti za mji zilikuwa zinatufikia kana kwamba zinatoka ng'ambo ya ziwa.

Pale kifuani nikakuta mshono. Mapafu yalikuwa mifuko miwili mirefu, myeusi, na katikati yake picha ilikuwa imekatika. Upande mmoja wa mstari mifuko ilikuwa mipana. Upande wa pili, ghafla, ilikuwa imesinyaa. Mbavu za hapo nazo zilikuwa zimeruka kidogo, hazikukutana.

"Umekosea tena," daktari akasema kwa upole.

Nikarudi kwenye magamba. Nikayaangalia moja moja. Yalikaa vizuri. Nyufa za udongo zilipita kutoka kipande hadi kipande bila kuyumba. Mkia, kichwa, uti wa mgongo, vyote vilikuwa mahali pake.

"Sijakosea," nikasema. "Udongo umelingana, magamba yamelingana. Nilipopiga kipande hiki alikuwa amejaa hewa. Nilipopiga kile kingine alikuwa ameshaitoa."

Mama mdogo alinitazama. "Sema vizuri."

"Amepumua, mama. Tulipokuwa tumekaa hapa, amepumua mara moja."

Alifunika mdomo kwa leso. Mabega yake yalitikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani hata yeye hakujua. Daktari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Programu ilikuwa na kitufe cha kulainisha mishono kama ule, cha kuchanganya pande mbili ili jicho lisione. Sikukibonyeza.

Mama mdogo hakutaka aamshwe. Alisema mtu hafukuzwi usingizini wakati njaa bado iko nje. Alilirudisha bonge nyumbani, akaliweka ndani ya chungu kikubwa kilichopata ufa tanurini, kwenye kona yenye ubaridi nyuma ya mlango, tundu likiangalia juu. Kuanzia hapo nikawa naondoka chumba changu cha kupanga kule Kisian kila Jumapili baada ya kanisa, navuka mji mzima, nakwenda kukaa naye. Alifinyanga, mimi nikamsugulia vyungu kwa kijiwe laini. Alikuwa na sauti ya mama yangu, hasa akizungumza huku amenipa mgongo, na tangu mazishi nilikuwa nimeikwepa sauti ile. Sasa niliiacha ipite. Aliniambia mambo ya utoto wao, jinsi mama alivyoogopa vyura, jinsi alivyomficha yeye, mdogo wake, nyuma ya gunia la mtama asichapwe. Mara kwa mara tulinyamaza kwa pamoja bila kupatana, tukatega sikio upande wa mlango. Hatukuwahi kusikia kitu. Usiku nilikuwa naota nimelala ndani ya chumba cha udongo chenye bomba moja la hewa, na sikuogopa.

Mvua ilikuja katikati ya wiki. Simu ililia kazini.

"Kuja," alisema tu. Nyuma yake mabati yalikuwa yananguruma.

Daktari aliniruhusu, na hata yeye mwenyewe nilimwona anatamani kuja. Nilimkuta mama mdogo amekiburuta chungu mpaka chini ya ukingo wa paa, maji yakimwagikia ndani, na yeye amelowa hadi mifupani. Tulichuchumaa pale. Udongo ulianza kwa kubadilika rangi, ukawa mweusi, ukalainika, pembe zikaporomoka. Maji yakachafuka. Kwa muda mrefu hakukuwa na lolote, na mama mdogo alianza kuomba kwa midomo, bila sauti. Halafu yale maji yakavimba katikati. Pua butu ikatoka, mdomo ukafunguka, na tukasikia mguno, mzito, wa kukasirika kidogo, kama wa mzee aliyeitwa mara nyingi.

"Misawa," mama mdogo akamsalimu. Alisema kwa heshima kabisa.

Kinamasi kilikuwa kimeshaanza kushika maji. Tulikibeba chungu wawili, kila mmoja na upande wake, tukiteleza kwenye matope, maji yakituvuja miguuni kupitia ule ufa. Penye mafunjo tukakiinamisha. Hakutoka mara moja. Alilaza kidevu kwenye mdomo wa chungu, macho yake madogo yakitazama mvua, mapezi yake membamba kama kamba yakipapasa. Kisha akajimimina, urefu wake wote, mkia ukiwa wa mwisho, na maji ya kahawia yakafunga juu yake.

Tulisimama tukitazama viputo. Mama mdogo akavua viatu vyake vilivyojaa tope, akavibeba mkononi.

"Tuende," akasema, "tukapike chai. Mwenzetu ameshafika kwake."