Msiba wa Lufingo Uliokosa Mtani

Mama ndiye aliyenituma. Redio ilitangaza kwamba askari wawili wameuawa na majambazi wenye bunduki karibu na Tukuyu, na taarifa haijaisha mama alikuwa ameshafika sokoni kwenye meza yangu ya mitumba, kanga moja begani, nyingine ameisahau nyumbani. Mdogo wangu Anjela ameolewa na askari wa huko huko. Tulipopata uhakika kwamba shemeji Gaspa hakuwa mmoja wa wale wawili tulishukuru Mungu, lakini mama hakutulia.

"Nenda kamlete Anjela na mtoto," aliniambia. "Huyo bwana abaki na bunduki zake."

Malaria ilinilaza, nikachelewa, na mama akanisimanga kila siku ya ugonjwa wangu. Nilipoweza kusimama nikaondoka. Ninyi mnaonifahamu hapa Songea mnajua kwamba mimi Kandida sipendi kutumwa, lakini kusafiri napenda, hata kwa habari mbaya.

Songea tuliiacha alfajiri. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye fedha ananunua basi, na kila basi lina kaseti zake na dereva asiyetaka kupitwa. Wetu alikimbizana na mwenzake mpaka Njombe. Abiria wa upande wa kulia wakishangilia, wa kushoto wakisali. Nilikuwa kulia. Njombe baridi iliingia mpaka kwenye meno, nikavaa sweta mbili za biashara yangu mwenyewe. Makambako tulikula wali wa haraka huku kondakta akipiga bodi, na jioni nikashuka Uyole, njia panda, nikalala gesti yenye blanketi zito ambalo nalikumbuka kwa upendo hadi leo.

Asubuhi nilipanda basi la Kyela. Kuanzia Isongole ukungu ulifunika barabara, kisha ukaachia ghafla, na nikaona kijani ambacho sisi hatuna. Migomba imeshuka mabondeni hadi mtoni, chai imekatwa sawasawa juu ya vilima, na Mlima Rungwe umekaa pale juu ukijifunika na kujifunua. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Mama mmoja mwenye kapu la maparachichi akacheka nami, akaniuliza nashukia wapi.

"Tukuyu. Nakwenda kota za polisi, njia ya Lufingo."

Kicheko kilimkauka. Alivuta kapu lake karibu na miguu.

"Kule siku hizi hatupiti, mwanangu," alisema. "Wanasema majambazi watarudi kuchukua bunduki zilizobaki. Sisi tunazunguka kwa juu, kwenye chai." Halafu akanipa parachichi, kama mtu anayempa mgonjwa.

Tukuyu nilifika mvua ikinyesha, jua likiwaka, na hakuna aliyeona ajabu. Anjela alikuwa ananingoja chini ya baraza la duka, mtoto wao Neema mgongoni. Tulikumbatiana hadi mtoto akalalamika. Nilimwona amekonda. Njiani kuelekea kota alinieleza yote kwa sauti ndogo. Majambazi walisimamisha gari la wafanyabiashara, Koplo Festo na Konstebo Hamisi wakaenda kuwazuia, na hawakurudi. Hamisi alipelekwa kwao Lindi. Festo alizikwa kwao Iringa. Waliofanya hivyo hawajakamatwa. Watu husema wamevuka mpaka, wengine husema wako porini wanaangalia. Jua likizama, milango inafungwa. Wauza maziwa waliokuwa wakipita kota kila asubuhi hawapiti tena.

Kwenye kota shemeji Gaspa alinipokea vizuri, akaniita dada, akaniuliza habari za Songea, lakini macho yake yalikuwa barabarani muda wote. Nyuma ya mlango wa chumbani niliona begi la Anjela limeshafungwa.

"Uko tayari?" nilimnong'oneza.

"Tangu juzi," alijibu. "Ila kesho kwanza twende Lufingo. Kuna kumaliza msiba wa Festo kwa wakwe zake. Siwezi kuondoka bila kumuaga Tumpe."

Huyo Tumpe ndiye mjane wa Festo, mtoto wa Lufingo. Baada ya mazishi ya Iringa alirudi kwa wazazi wake na mwanawe.

Lufingo tulikwenda kwa miguu, tukipanda na kushuka vilima, matope yakinivua kandambili. Kwa Wanyakyusa msiba ni shughuli ya watu, nilishaambiwa: hujaa, hupikwa, huchezwa. Huu ulikuwa mtupu. Baba yake Tumpe alikuwa ameketi na mchungaji na majirani wachache wazee, viti vingine vimekaa bila watu. Mama mtu, Bibi Subilaga, mrefu, mkimya, alitupokea mlangoni.

"Ugonile," alinisalimu, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, asante sana kwa kuja. Watu wanaogopa kukusanyika. Tutasali, basi."

Tukasali. Wazee wakasimama mmoja mmoja kumsifu marehemu. Festo alikuwa shujaa. Festo alikuwa mwaminifu. Festo alikuwa nguzo. Tumpe alikaa kwenye mkeka kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Chai iliyokuwa mbele yake ilikuwa imepoa. Kisha baba mtu akaniuliza, kwa adabu tu, natoka wapi.

"Songea, baba."

Tumpe akainua kichwa. "Wewe ni Mngoni?"

"Mngoni kabisa," nilisema.

Sasa wasiojua nawaeleza. Mhehe na Mngoni ni watani, tangu mababu zetu walipopigana mpaka wakachoka. Mhehe akifa, Mngoni ana haki ya kuja msibani kumcheka, kuvaa nguo zake, kuigiza mwendo wake, na hairuhusiwi mtu kukasirika. Tusi letu la kwanza kwao ni kwamba wanakula mbwa. Nilijua tangu jana kwamba Festo ni Mhehe. Ulimi ulikuwa unaniwasha, lakini niliona ugeni, niliona woga wa wale watu, nikaufunga mdomo. Anjela naye alikuwa amenishika kanga kwa nyuma.

"Mtani, umechelewa sana," Tumpe alisema. "Tangu mume wangu afe sijasikia mtu akimtukana. Wanamsifu tu. Wanamsifu mpaka simjui tena huyo wanayemsema."

Nilisikia uchungu ambao sikuutegemea. Nikasimama.

"Ndiyo maana!" nilisema kwa sauti ya sokoni. "Tangu niingie Lufingo nashangaa mbwa wa hapa walivyonenepa. Kumbe Mhehe wao kaondoka, wanalala usingizi!"

Mchungaji alitazama viatu vyake. Baba mtu aliinuka nusu. Na Tumpe akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikatoka chote, akashika tumbo.

"Aliwatishia kweli!" alisema. "Alikuwa akiwaambia mbwa, 'Ninyi, mimi nawajua!'"

"Nileteeni koti lake la mvua," niliagiza.

Likaletwa. Lilinifika vifundoni. Tumpe akawa ananifundisha: alitembea hivi, kifua mbele, bega moja chini. Nikatembea. "Miguu ipanue!" Nikaipanua. Mzee mmoja, aliyekuwa amemwita nguzo muda mfupi tu uliopita, akasema hapana, Festo alijikwaa zaidi ya hapo. Mwingine akakumbuka jinsi alivyoimba kwaya, akiwahi kumaliza kabla ya wenzake. Nikaimba, nikawahi kumaliza.

"Na mkwe wake!" Tumpe alisema. "Fanya alipokutana na mama!"

Kwao Iringa mwanamume hamkaribii mama mkwe ovyo, na Festo aliishika heshima hiyo kupita kiasi. Akimwona Bibi Subilaga njiani, hata akiwa na sare na bunduki, alikuwa akijitupa migombani. Basi nikatoka uani nikipiga mwendo wa doria. Bibi Subilaga alikuwa anatoka jikoni na sinia. Nilipomwona nikapiga saluti, nikapiga kelele "Mama mkwe!", nikajirusha kwenye migomba kichwa mbele.

Nikiwa humo ndani na matope puani, nilisikia sinia likianguka. Halafu nikasikia sauti ambayo Anjela anasema haijawahi kusikika Lufingo. Bibi Subilaga alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakaa chini kwenye majani, akipiga ardhi kwa kiganja.

"Eena! Eena! Hivyo hivyo!" alisema. "Siku moja alitoka na siafu, masikini, akanisalimu huku anajikuna!"

Kicheko kwenye msiba husikika mbali. Jirani wa ng'ambo ya bonde alikuja kuona kuna nini. Akaja na mkewe. Wakaja wa chini, wakaja vijana kutoka kwenye chai na vikapu mgongoni. Aliyekuja na ndizi alizimenya, aliyekuja na maziwa ya mgando aliyamimina, na mtu akaleta ngoma. Uwanja ukajaa.

Shemeji Gaspa alifika akikimbia, bunduki mkononi, askari mwenzake nyuma yake. Alikuwa doria akasikia kelele, akadhani wamerudi. Alilikuta koti la Festo linacheza ngoma nami nikiwa ndani yake. Alinitazama. Akacheka kidogo, kisha akampa askari mwenzake bunduki, akakaa kwenye nyasi akalia kwa sauti, mabega yakitikisika, mbele ya watu wote. Anjela alisema baadaye kwamba tangu Festo na Hamisi wauawe hakuwa amelia hata mara moja. Bibi Subilaga alikwenda akakaa upande mmoja, Anjela upande wa pili. Hakuna aliyemnyamazisha. Tulipoondoka, jioni, kundi zima la majirani lilitusindikiza mpaka mlangoni pa kota, wakipita barabara ile ile waliyokuwa wakiizunguka.

Asubuhi ya kuondoka muuza maziwa aligonga. Nilimwambia Anjela achukue begi.

"Dada, umemwona baba Neema alivyolia jana," alisema. "Nikiondoka, kesho atalia na nani?"

Nilibishana naye kidogo, kwa ajili ya mama tu. Moyoni nilikuwa nimeshakubali. Nilimsaidia kutundika nguo zake, nikapanda basi na mkungu wa ndizi mzito kuliko mimi.

Njia ya kurudi niliimaliza nikifikiri jambo moja. Nilidhani hofu hutolewa kwa kuwaondoa watu pale ilipo. Lufingo wameniondolea ujinga huo: majambazi walikuwa bado huko waliko, na watu walitembea barabarani.

Songea mama alikuwa ananingoja stendi. Aliangalia nyuma yangu, akaangalia mkungu.

"Nilikutuma mtu," alisema. "Umeniletea ndizi."

Nikamweleza yote pale pale, tumekaa juu ya mizigo ya watu. Nilipofika kwenye migomba alicheka akajifuta macho. Nilipofika kwenye kilio cha Gaspa alianza kukunja kanga yake iwe kata.

"Huyo Mhehe ameacha watoto?" aliuliza.

"Mmoja. Wa kiume."

Mama alijitwisha ndizi.

"Basi mavuno yakiisha tunakwenda wote wawili," alisema. "Mtoto wa Mhehe hawezi kukua bila mtu wa kumtukana baba yake."