Chungu Kilichotoboka

Wafyatua matofali wa Mwembesongo wanapolowesha udongo, mkono wangu hutafuta kijiwe laini ninachotembea nacho mfukoni.

Kilikuwa cha bibi yangu, mfinyanzi wa milimani. Enzi za mkoloni, mjomba alikataa kuchimba matuta ya serikali ya kuzuia mmomonyoko, na askari wawili wakaja kumkamata. Alikuwa amejificha darini, juu ya vichwa vyetu. Macho yangu yalikuwa yakipanda huko kila mara. Bibi akanipakatisha chungu kibichi na kunipa kile kijiwe cha kulainishia.

“Sugua, mjukuu wangu. Macho yako yasitoke hapo.”

Askari mmoja akaanza kuvunja vyungu kwa rungu, kimoja baada ya kingine. “Bibi, unamfinyangia nani? Mwanao atakula gerezani!”

“Na wewe kwenu hakuna shikamoo?” bibi akamuuliza.

Askari akampiga rungu la mdomo. Damu ikanirukia mikononi, ikachanganyika na udongo. Nikaendelea kusugua. Sikutazama juu.

Walipoondoka mikono mitupu, bibi alikichukua chungu changu. Nilikuwa nimekisugua mpaka ubavu ukatoboka. Akapitisha kidole kwenye tundu, akacheka kwa mdomo uliochanika.

“Hiki hatukiuzi,” akasema.