Mstari Mweupe Kwenye Trela

Marehemu Jalal hakuwahi kusema yuko kazini. Ungempigia simu kumwuliza yuko wapi, jibu lilikuwa lile lile, awe amepeleka wageni Baringo au amelala chali chini ya injini: "Gari liko kazini." Ungedhani yeye alikuwa amelisindikiza tu. Alipofariki, ile Land Cruiser yake ya zamani ilifunikwa turubai uani, nyumbani kwao Bondeni, mjini Nakuru, na kwa miaka minne ikawa kitanda cha paka wa jirani.

Watoto wake walikuwa wawili. Saad, kifungua mimba, alikuwa na ofisi Nairobi na subira fupi. Hadiya alikuwa na miaka arobaini na moja, na alikuwa ameendesha basi la shule miaka tisa hadi shule ilipoamua kukodi mabasi ya watu wengine. Saad alipata mtu wa kulinunua gari alikate vipuri. Hadiya akasema hapana. Wakavutana wiki nzima, na mwisho Saad akakubali kungoja hadi Machi iishe. Gari likipata kazi ya kueleweka kabla ya hapo, libaki, lisipopata, lichukuliwe. Alikubali kwa roho safi kabisa, kwa sababu alijua kazi haitapatikana.

Kazi ikapatikana. Kina mama wa kikundi kimoja cha Kabazi walihitaji mbegu za viazi kutoka Mau Narok kabla mvua ndefu haijashika. Malori hayakutaka kuingia kwenye vichochoro vyao vya tope, na yaliyokubali yalifika na magunia pungufu na hadithi ndefu. Mwenyekiti wao, Njoki, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia Hadiya alete mzigo wa kwanza Jumamosi ya mwisho ya Machi, magunia arobaini, halafu wataona.

Sasa, gari la kubebea watalii si gari la kuvuta trela yenye tani mbili za viazi. Hapo ndipo alipoingia Khaemba, fundi mwenye karakana nyuma ya nyumba za zamani za reli. Baba yake alikuwa fundi wa garimoshi, na Khaemba mwenyewe aliongea kuhusu uzito vile wengine wanavyoongea kuhusu dhambi.

"Madam, watu hufikiria kuvuta ni nguvu," alimwambia siku ya kwanza, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Nguvu hii injini iko nayo. Mzee wako aliitunza. Shida ni kusimama."

Alikaa na gari wiki tatu. Breki zote akazifumua na kuzifanya upya. Rejeta akaizibua, maana injini ikipanda mlima na mzigo huchemka upesi. Springi za nyuma akaziongezea jani moja kila upande, na Hadiya alipomwomba mawili alikataa, akasema siku gari likiwa tupu litamrusha kama punda mkorofi. Chuma cha kushikia trela akakifunga kwenye chesisi kwa bolti nene kama kidole gumba. Fundi wa jirani alipita akashauri kichomelewe tu kwenye bampa. Khaemba alimtazama kwa huruma. "Bampa ni urembo, boss," akasema.

Trela yenyewe waliipata Naivasha, ya magurudumu manne, yenye breki zake. Siku ya mwisho Khaemba aliipakia mchanga aliokuwa ameupima, tani mbili kamili, kisha akachukua brashi na kuchora mstari mweupe kwenye ubao wa pembeni, sambamba na kichwa cha gurudumu.

"Trela ikilemewa inakaa chini," alisema. "Gurudumu likifunika huu mstari, mzigo umezidi. Hapo hata kama ni mimi nakuambia twende, usiende. Na vitu vizito viweke mbele. Mkia ukiwa mzito, trela itakuonyesha dunia."

Hadiya aliitikia kama mwanafunzi mwema. Alikuwa amefundishwa na Jalal kurudisha trela nyuma akiwa na miaka kumi na minne, na moyoni alijiona mambo haya ameyamaliza.

Jumamosi asubuhi alifika Mau Narok kwa mama mmoja anayeitwa Jepkoech, mkulima wa mbegu. Jepkoech alimkumbuka Jalal vizuri. Miaka mingi nyuma Jalal alimvutia pikapu kutoka kwenye tope, akakataa pesa, akakataa hata chai. Jambo la chai lilikuwa limemuuma mama huyu mpaka leo. Basi magunia arobaini yalikuwa tayari, na kila moja lilikuwa limeshonewa wavu juu ya mdomo na kujazwa viazi zaidi, hadi likasimama na kichwa kama mtu.

"Na hizi za juu?" Hadiya akauliza.

"Hiyo ni nyongeza ya baba yako. Yeye alikataa chai yangu. Wewe hutakataa."

Utakataaje? Wafanyakazi wanatazama, mwenyewe anatabasamu, na zawadi ni ya marehemu baba yako. Hadiya akashukuru. Wakapakia, na mwishoni kabisa, kwenye mkia, wakaongeza kabichi za kula nyumbani. Magunia yalikuwa arobaini, kama walivyokubaliana, na hesabu hiyo ikamtuliza. Alipoinama kuutafuta mstari mweupe hakuuona. Akajiambia umefunikwa na tope. Mtu mzima, dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini, alijidanganya mchana kweupe ili asimwaibishe mama wa watu.

Mteremko ulianza, na mwanzoni mambo yalikuwa sawa. Alipopita kijiji cha Likia, trela ikaanza kutikisa mkia. Kidogo kwanza, kushoto, kulia, halafu zaidi, na usukani ukawa mwepesi mikononi kwa namna ambayo hakuipenda hata kidogo. Mguu ulitaka kukanyaga breki kwa nguvu. Aliuzuia. Akaachilia kanyagio la mafuta, akashika usukani umenyooka, akaiacha injini ikivute kila kitu nyuma polepole, na mwendo ulipopungua akashuka gia hadi ya pili na kuegesha kando ya barabara, mbele ya kibanda cha chai.

Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Hapo hapo simu ikalia. Ni Saad.

"Yule mtu wa vipuri yuko hapa nyumbani na fundi wake. Uko wapi?"

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Alishuka, akapangusa ubao wa trela kwa ncha ya mtandio wake. Hapakuwa na tope. Mstari ulikuwa huko chini, nyuma ya gurudumu, umezama kabisa.

Ilikuwa saa saba. Njoki alimtarajia saa tisa, na juu ya mlima wa Menengai wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Angeweza kuendelea polepole na kuomba Mungu. Akipunguza mzigo, atafika Kabazi na magunia pungufu, kama wale wa malori, na kina mama watamwona ni wale wale. Kazi itaishia hapo, na gari litakatwa vipande. Akaufikiria ule usukani mwepesi. Akaenda kwenye kibanda.

Mwenye kibanda aliitwa Linah. Alisikiliza yote, akasema nyuma kuna stoo kavu yenye kufuli. Vijana wa boda waliokuwa wakinywa chai wakaitwa.

"Mathe, hizi si gunia, hizi ni watu," mmoja akalalamika, akiwa amebebeshwa moja mgongoni.

Walitoa kabichi kwanza, zikawa malipo yao. Kisha wakashusha gunia moja moja kutoka nyuma, Hadiya akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Walipofika la kumi na moja, mstari mweupe ukatokea wote. Akasema basi. Yaliyobaki wakayasogeza mbele. Akapiga picha magunia ndani ya stoo, Linah akiwa amesimama kando yake, akaondoka. Trela ilimfuata kimya hadi Njoro, hadi mjini, na hata wakati wa kupanda kwenda Bahati haikumkumbusha kwamba ipo.

Alifika Kabazi saa kumi na nusu. Kina mama walikuwa wamesimama chini ya mabati ya kanisa, matone ya kwanza yakianguka. Njoki alizunguka trela akihesabu kwa kidole. Akarudia.

"Ishirini na tisa," akasema.

"Ndiyo, mama. Kumi na moja yako Likia kwa mama mmoja. Nilipakia kupita kiasi, kosa ni langu. Kesho saa nne yatakuwa hapa." Akamwonyesha picha.

Njoki aliitazama picha muda mrefu, akawapa wenzake nao waitazame. Kisha akamrudishia simu.

"Wa malori huwa hawatuambii zile zimebaki ziko wapi," akasema. "Kesho saa nne. Na Jumanne urudi Mau Narok, tuko na arobaini zingine. Uendelee hivyo hadi kila mtu apande."

Hadiya alisema asante, akaenda kufungua ubao wa nyuma wa trela. Wanawake walianza kushusha magunia. Simu ikalia tena.

"Huyu mtu amechoka kungoja," alisema Saad. "Nimwambie nini?"

Hadiya alilitazama gari, limechafuka tope hadi madirishani.

"Mwambie gari liko kazini."

Upande wa pili Saad alilijua jibu hilo. Alikuwa mtoto wa Jalal yeye pia.

"Sawa," akasema. "Nitamwambia."