Mizizi Aliyoinyoa Raymond

Raymond wa Magoma ana mdomo mkubwa kuliko shamba lake, na shamba lenyewe si lake. Ni la mkwewe, mzee Matayo, aliyempa kwa sharti moja: kunde za mwaka huu zikiharibika, analichukua. Mama yake Raymond alitunza kitalu cha mkonge, basi yeye anajiona profesa wa kila chenye mizizi.

Mkewe, Stefania, alizipanda kunde vizuri, zikaota. Raymond akang'oa shina moja kukagua, akaona vinundu kwenye mizizi. Akapasua kimoja kwa kucha, ndani chekundu.

"Ugonjwa huu," akasema. "Damu imevilia."

Asnath, bibi shamba wetu, alikuwa anapita. "Hapana, kaka. Humo kuna bakteria wanaoipa kunde mbolea. Lazima wapumue, ila oksijeni ikizidi kazi yao inaharibika. Huo wekundu ndio unaoishika oksijeni na kuwagawia kidogo kidogo. Si ulichoma mkaa Handeni? Tanuru ukiliziba lote moto unazimika, ukilifunua unapata majivu."

"Dada, mkaa nimechoma mimi, si wewe," Raymond akajibu. "Na kitaluni hakuna mche unaopandwa bila kukatwa mizizi."

Kwa mkonge ni kweli. Mche wake hunyolewa mizizi, ukapandwa, ukachipua mingine. Lakini akili ni nywele, na Raymond ana upara. Aling'oa kunde za mkewe, mstari kwa mstari, akazinyoa vile vinundu kwa kisu na kuzirudisha ardhini, huku akipiga mluzi. Mimi jirani nilisimama mpakani nikaona aibu kwa niaba yake. Stefania alimsihi amwachie japo mstari mmoja, akaachiwa kama anayetupiwa mfupa.

Mzee Matayo alipofika kukagua wiki chache baadaye, nyingi zilikuwa zimekauka, zilizobaki njano tupu. Mstari mmoja tu ulikuwa wa kijani.

"Shikamoo, baba," Stefania akasema, macho chini.

"Marahaba. Huu nani kautunza?"

"Mimi."

"Basi shamba ni lako. Mumeo akitaka kulima, akuombe."

Nilidhani angalau aibu ingemfunza Raymond. Jana nimemsikia akimweleza mgeni kutoka Masuguru kwamba ule mstari aliuacha yeye makusudi, kwa majaribio.